Mchezaji Mbele ya Jopo

Mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi ya kufundisha ngoma, iwe chuoni, shuleni au kwenye kituo cha utamaduni, karibu kila mara hujiandaa kwa kucheza. Hutafuta mavazi, huchagua ngoma inayomtoa vizuri, huirudia mpaka magoti yaume, halafu usiku wa mwisho ndipo anapopitia majibu ya yale maswali ya siku zote: wewe ni nani, kwa nini unaitaka kazi hii, udhaifu wako ni upi. Maandalizi hayo yanaeleweka, maana mwili ndio cheti alichokaa nacho miaka yote. Hata hivyo yanakosa shabaha. Kazi iliyotangazwa ni ya kumfanya mtu mwingine acheze, na huyo mtu mwingine, kwa wiki kadhaa za mwanzo, atacheza vibaya. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba mwombaji wa kazi hii atumie sehemu kubwa ya maandalizi yake kujifunza kutazama makosa ya wengine, na kwamba umahiri wake mwenyewe, asipouchunga, ndio utakaomwangusha.

Dai hilo si la kubuni tu. Mwaka 2005 watafiti wa London wakiongozwa na Beatriz Calvo-Merino walichapisha jaribio walilofanya kwa wachezaji wa baleti, wachezaji wa kapoera na watu wasio wachezaji. Waliwaingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha video za baleti na za kapoera. Zile sehemu za ubongo zinazohusika na kuupanga mwendo ziliamka zaidi pale mchezaji alipotazama mtindo ambao yeye mwenyewe amefundishwa kuucheza. Maana yake ni kwamba mchezaji hatazami kwa macho peke yake. Mwili wake nao unatazama. Sasa peleka jambo hilo darasani. Mwanafunzi mgeni akionyeshwa sindimba, ngoma ya Wamakonde, huona kiuno. Basi anakaza miguu, anasimama wima, anaanza kukizungusha kiuno kwa nguvu za mgongo, na baada ya dakika mbili mgongo unamuuma na ngoma haijaonekana. Mwalimu wake huona kitu kingine kabisa: magoti yaliyolegea, uzito ulioshushwa, nyayo zilizotulia chini, na kiuno kinachofuata chenyewe. Kwa kuwa hayo yamo mwilini mwake tangu zamani, hayamjii mdomoni. Anasema, "Tazama, hivi," anaonyesha tena kwa ufundi zaidi, na kadiri anavyoonyesha kwa ufundi ndivyo mwanafunzi anavyozidi kukiona kiuno. Wote wawili wanatazama mwili mmoja, ila kila mmoja anaona lake. Jopo likiwa na mtu mmoja tu anayeijua kazi, hapo ndipo atakapokuwa ameelekeza macho.

Katika utumishi wa umma Tanzania, Sekretarieti ya Ajira huweza kumpitisha mwombaji kwenye mtihani wa mchujo, usaili wa vitendo na usaili wa mahojiano, kulingana na kada. Shule binafsi na vikundi vina taratibu zao, lakini kwa mwalimu wa ngoma ni nadra kukosa sehemu ya kuambiwa, "Haya, tufundishe kitu." Dakika hizo chache ndizo zinazostahili wiki nzima ya maandalizi, na maandalizi yake yanahitaji mtu asiyejua kucheza. Mpwa, jirani, muuza genge aliyefunga biashara jioni, yeyote anayecheka aibu akiambiwa ainue mkono. Mfundishe hatua moja tu. Mwonyeshe mara mbili au tatu, kisha nyamaza umtazame, na kabla hujamsahihisha andika alichofanya: alianza na mguu upi, aliangalia wapi, pumzi aliibana saa ngapi, mdundo ulimpotea kabla ya kugeuka au baada. Mtu wa pili atakosea kwingine. Wa tatu atarudia kosa la wa kwanza, na hapo ndipo unapoanza kujua kosa lipi ni la mtu na lipi ni la hatua yenyewe. Mwombaji aliyefanya hivyo kwa watu wanne au watano anaingia kwenye usaili akiwa na kitu ambacho hakuna kitabu cha majibu kitakachompa mwenzake.

Zipo na kazi ndogondogo ambazo mchezaji huzidharau kwa sababu jukwaani hazimhusu. Anayefundisha akiwaelekea watoto, kulia kwake ni kushoto kwao, na watoto wadogo humfuata mwalimu kama wanavyofuata kioo. Kwa hiyo inabidi aseme "kulia" huku akiinua mkono wa kushoto, bila kusita na bila kucheka. Jambo hilo laonekana dogo mpaka ulijaribu na ngoma ikilia. Anayegeuka na kuwapa mgongo anaepuka tatizo hilo, lakini amejinyima kuwaona, na mwalimu asiyewaona wanafunzi wake anajichezea. Andalio la somo nalo lahitaji uangalifu huohuo. Waombaji wengi huandika kwamba mwisho wa kipindi wanafunzi "wataelewa umuhimu wa ngoma za asili", sentensi ambayo haimlazimishi mtu kufanya lolote. Andika badala yake kwamba kila mwanafunzi ataweza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine kwa kuifuata ngoma, bila kuhesabu kwa sauti. Hilo linaonekana kwa macho, na asiyeliweza pia anaonekana. Tena jiandae kufundisha bila spika. Umeme hukatika, simu hugoma kuungana na redio, na mpigaji aliyeahidiwa huenda asitokee. Mwalimu anayeweza kuuimba mdundo kwa mdomo na kuushika kwa makofi hana cha kuhofia.

Baada ya kuona kosa, linafuata swali la nini kisemwe, na hapa pia mazoea ya jukwaani yanapotosha. Mchezaji aliyezoea kukosolewa na kiongozi wa kikundi huja na tabia ya kusahihisha kila kitu papo hapo. Uchambuzi wa Salmoni, Schmidt na Walter wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba mwanafunzi anayepewa taarifa ya matokeo yake kila baada ya jaribio hufanya vizuri wakati wa mazoezi, lakini taarifa hiyo ikiondolewa anaweza kufanya vibaya kuliko yule aliyekuwa akipewa mara chache. Anakuwa ameegemea mkongojo. Gabriele Wulf na wenzake, kuanzia miaka ya 1990, nao walionyesha kwamba mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi akielekeza fikra kwenye matokeo ya mwendo nje ya mwili kuliko akiambiwa afikirie kiungo chenyewe. Kwa lugha ya darasa la ngoma, "isukume ardhi" humsaidia zaidi kuliko "nyoosha goti". Walimu wakubwa walilijua hilo bila maabara. Germaine Acogny, aliyeongoza shule ya ngoma ya Mudra Afrique mjini Dakar kuanzia 1977 hadi 1982 na baadaye kuanzisha École des Sables huko Toubab Dialaw, Senegal, aliujengea mtindo wake lugha ya picha: uti wa mgongo ni nyoka wa uhai, kifua ni jua, makalio ni mwezi. Mwanafunzi akiambiwa aangaze jua lake mbele, kifua kinafunguka pasipo hotuba ya misuli. Mwombaji anayeingia kwenye usaili na maneno matatu ya namna hiyo, aliyoyapima kwa watu halisi na akajua lipi linafanya kazi, ana maandalizi bora kuliko mwenye miruko kumi.

Kuna pingamizi la kitaalamu ambalo halifai kupuuzwa, kwa sababu linatoka kwa watu wanaochunguza usaili wenyewe. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter, wakikusanya tafiti za miaka 85, walisema kwamba jaribio la kazi yenyewe hutabiri utendaji wa mfanyakazi kwa kiwango cha 0.54, juu kidogo ya mahojiano yenye maswali yaliyopangwa, 0.51, na mbali kabisa na mahojiano ya kupiga soga, 0.38. Hesabu hizo zilinukuliwa kote duniani. Lakini mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya, wakaona kwamba masahihisho ya kitakwimu yaliyokuwa yakifanywa yalizidisha mno. Katika hesabu yao mpya mahojiano yaliyopangwa yalikaa juu, 0.42, na jaribio la kazi likashuka hadi 0.33. Mtu anaweza kusema basi: kumbe mdomo ni bora kuliko vitendo, mwombaji na arudi kukariri majibu. Nadhani hitimisho hilo ni la haraka. Mahojiano yaliyopangwa hupata nguvu yake kwa kumuuliza kila mwombaji swali lilelile kuhusu hali halisi ya kazi: ulifanya nini mwanafunzi alipokataa kucheza mbele ya wenzake, ungefanya nini nusu ya darasa ikishika hatua na nusu ikabaki nyuma. Hayo hayajibiki kwa kukariri. Yanajibiwa na yule aliyekaa na watu wasiojua kucheza akawatazama. Ukimuuliza mchezaji hodari aliyejiandaa kwa kioo, atasema atawatia moyo na kuwa mvumilivu. Ukimuuliza yule mwingine, atasema ataligawa darasa, walioshika hatua wapige makofi ya mdundo huku waliobaki wakitembea tu kwa mdundo huo bila mikono, kwa sababu ameona kwamba wengi hupotea pale mikono inapoongezwa kabla miguu haijatulia. Jopo linasikia tofauti hata kama halijui ngoma.

Pingamizi la pili linatoka nyumbani, nalo ni zito zaidi. Wapo wanaosema kwamba ngoma haifundishwi. Mtoto huzaliwa ikilia, hubebwa mgongoni ikilia, huiga wakubwa pembezoni mwa uwanja, na siku moja anaingia katikati akiwa anajua. Haya mambo ya andalio la somo na lengo linalopimika ni ya wazungu wa chuo. Nakubali nusu ya maneno hayo. Kuiga ndiyo njia kuu, na mwalimu anayeibadilisha ngoma kuwa hesabu za moja-mbili-tatu-nne ameiua; mdundo mwingi wa huku una tatu zinazopishana na mbili kwa wakati mmoja, na mwanafunzi anayehesabu nne huku akitafuta mdundo atapotea. Lakini mtoto wa kijijini aliyejifunza kwa kuiga alikuwa na miaka, wakati mwalimu wa shule ana vipindi vichache kwa wiki. Tena si kweli kwamba mila hazikuwa na walimu. Unyagoni kungwi alimfundisha mwali, akamrudisha nyuma alipokosea, akakataa kumpitisha kabla hajaweza. Na makungwi wengi ni wanawake wa makamo au wazee, ambao hakuna anayewatarajia wamshinde mwali kwa wepesi wa nyonga. Heshima yao iko kwenye jicho na kumbukumbu. Ngoma za Wasukuma, kwa miongo mingi zikishindanishwa kati ya makundi ya Bagika na Bagalu, zilikuwa na viongozi waliowanoa watu wao kwa bidii ya kutaka ushindi. Ukitafuta mfano wa mwalimu wa ngoma aliyebobea, tafuta huko kabla hujafika kwenye maabara ya London.

Pingamizi la tatu ni la kiuhalisia: kwamba jopo lenyewe haliijui kazi. Wamo afisa utumishi, mhasibu, pengine mwalimu mkuu anayewaza mahafali ya Novemba, na wote wanapenda kuona mtu akiruka. Ni kweli, na mwombaji asijifanye halimhusu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa hayuko kwao. Hakuna wa kumtunza isipokuwa awaonyeshe. Basi acheze. Dakika mbili, kwa uwezo wake wote, ngoma anayoijua mpaka kwenye mizizi, kwa sababu mwalimu asiyeweza kucheza hata kidogo ana mzigo mkubwa wa kueleza alipo. Kisha aseme, "Sasa naomba mmoja wenu asimame nimfundishe hatua ya kwanza." Afisa utumishi akikubali kusimama, na baada ya dakika tano akajikuta anafuata mdundo, hakuna mruko utakaolizidi hilo machoni mwa wenzake. Akikataa, afundishe hewani akieleza kosa analolitarajia na namna atakavyolirekebisha. Na kama jopo likiendelea kutaka miruko tu, mwombaji amejifunza jambo muhimu kuhusu kazi hiyo: wanatafuta kikundi cha burudani cha bei nafuu. Hakuna ubaya kuikubali kazi ya namna hiyo, mradi mtu ajue anachokikubali.

Lipo swali moja la mahojiano ambalo huwakuta wengi mikono mitupu: kwa nini mtoto acheze ngoma wakati anaweza kusoma hesabu? Wengi hukimbilia hotuba ya kuenzi utamaduni. Hotuba hiyo ina historia ndefu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais alilalamika kwamba waliosoma wamefundishwa rumba na waltz lakini hawazijui gombe sugu, mangala wala lelemama, na akatangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kikaundwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Njia hiyo ilizaa mambo mengi mazuri, ikazaa pia tabia ya kuzikata ngoma fupi, kuwageuza wachezaji wote wamtazame mgeni rasmi, na kuacha nyuma zilichokuwa zikifundisha. Sindimba ya Wamakonde ilipata umaarufu wa nchi nzima kwa kiuno, na wapo waliolalamika kwamba kiuno hicho kimeachanishwa na jando na unyago kilikozaliwa. Mwombaji anayeijua historia hiyo atajibu swali kwa tahadhari zaidi. Atasema ni ngoma zipi atawafundisha watoto wa miaka tisa na zipi hatazigusa kwa kuwa ni za wali na zina wenyewe. Atasema mzazi akija kulalamika atamwonyesha nini. Na kuhusu hesabu, atasema tu kwamba somo la Sanaa na Michezo liko kwenye mtaala wa msingi wa Tanzania, kama Kenya ilivyouweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, na kwamba anataka lifundishwe na mtu anayeliweza badala ya mwalimu aliyebaki bila kipindi.

Halafu kuna mikono na sakafu, mambo mawili yasiyo na hadhi ya kifalsafa lakini yanayoweza kumgharimu mwalimu kazi yake. Kikundini, kiongozi hukushika nyonga akaigeuza na hakuna anayeshtuka. Shuleni, Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa Tanzania na ile ya 2022 kwa Kenya zimemweka mtoto mahali pengine kabisa, na jopo lenye busara litauliza unamsahihishaje bila kumgusa. Jibu ni lilelile la maneno ya picha, pamoja na kumwomba ruhusa pale mguso unapolazimika, mbele ya wenzake, begani au mkononi, basi. Sakafu nayo: madarasa yetu mengi ni ya saruji, na kuruka juu ya saruji siku tano kwa wiki huleta maumivu ya ugoko na magoti kwa watoto ambao kijijini wangeruka juu ya mchanga. Mwombaji na aulize, akipewa nafasi ya kuuliza, watacheza wapi, wangapi kwa mara moja, ngoma zipo au zitanunuliwa, wasichana watabadilishia nguo wapi. Maswali hayo manne yanalieleza jopo kwamba mtu huyu tayari anaona darasa.

Wanaoandaa usaili nao wana sehemu yao, na ombi langu kwao ni dogo. Acheni kuwafundishisha waombaji mbele ya meza na chupa za maji. Shule haikosi watoto sita wa kukaa chumbani kwa nusu saa, kwa idhini ya wazazi wao, na chuo hakikosi wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mpeni mwombaji hao, mkae pembeni, na karatasi yenu ya alama iwe na mstari unaouliza mtoto aliyekuwa nyuma kabisa alipoingia alikuwa anaweza nini alipotoka.